Safari ya Pikipiki ya Siku Kadhaa Ukiwa Peke Yako: Mwongozo Kamili kwa Njia za Mashambani na Hali ya Hewa Inayobadilika

Mtu akipanga safari ndefu ya pikipiki, huanza kwa kuuliza ni pikipiki gani inafaa. Swali hilo ningeliweka mwisho. Pikipiki ya cc 125 iliyotunzwa itamaliza safari ambayo ya cc 1,000 yenye tairi kipara haitaimaliza. Kinachowaponza wengi wanaosafiri peke yao ni muda. Mvua inakula saa moja, tope linakula mbili, pancha inachukua nyingine, na jua likizama mtu bado yuko katikati ya pori, amelowa, anakaza mwendo pale pale alipopaswa kuupunguza. Ndiyo maana karibu kila hatua hapa chini inarudi kwenye kanuni moja: fanya jambo kabla halijawa la lazima. Vaa koti la mvua kabla ya tone la kwanza, jaza mafuta tangi likiwa nusu, tafuta pa kulala jua likiwa bado juu. Wanaosafiri kikundi wanaweza kuikiuka kanuni hii na bado wakafika, kwa kuwa daima yupo mwenye pampu, mwenye mafuta ya ziada au mwenye nguvu za kusukuma. Wewe huna.

Hatua ya 1: Hesabu saa, usihesabu kilomita

Ramani inakuonyesha kilomita 300 na wewe unagawa kwa 80, unapata chini ya saa nne. Hesabu hiyo ni ya gari kwenye barabara kuu. Kwenye barabara za lami za mashambani, zenye kona, matuta, mifugo na vituo vya kunywa maji, wastani halisi wa pikipiki huwa karibu kilomita 45 hadi 50 kwa saa. Kwenye barabara ya vumbi iliyo nzuri, kadiria 30. Mvua ikinyesha, punguza theluthi moja. Ukifuata hesabu hii, siku yenye saa tano za kuwa njiani ni kama kilomita 250 za lami, au 150 za vumbi. Inaonekana kidogo ukiwa umekaa mezani na ramani. Siku ya tatu, mgongo ukiwa umechoka na glavu zimelowa, utaiona inatosha.

Katika kila siku ya safari weka alama tatu kwenye ramani. Ya kwanza ni mahali unapotaka kulala. Ya pili ni mahali pa akiba pa kulala, karibu theluthi mbili ya njia. Ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote: mahali pa kuamua, yaani mji au njia panda ya mwisho kabla ya sehemu ngumu ya siku hiyo, iwe mlima, msitu, mto usio na daraja au kipande kirefu kisicho na kituo cha mafuta. Ipangie saa. Mathalani, usipokuwa umeshapita pale kufikia saa nane mchana, unalala hapo hapo. Amua hivyo nyumbani ukiwa umetulia, kwa sababu ukishafika pale ukiwa umechelewa utajishawishi kwamba bado muda upo.

Ondoka mapema. Katika maeneo mengi yenye joto, mawingu ya radi hujengeka kadiri ardhi inavyopata moto na hupasuka alasiri au jioni, kwa hiyo anayeanza alfajiri huwa amemaliza sehemu kubwa ya njia anga likiwa bado limetulia. Njia ikipanda mlima, kumbuka kwamba joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukiacha bonde lenye nyuzi 24 ukavuka mlima ulio juu yake kwa mita 1,500, kileleni utakuta karibu nyuzi 14, kabla hujauhesabu upepo wa mwendo. Upande wa mlima unaopokea upepo wenye unyevu huwa na mvua na ukungu zaidi kuliko upande wa pili. Ndiyo maana unaweza kuacha jua kali nyuma na kukuta mvua mara tu unapovuka kilele.

Kwa kila siku tatu au nne za safari, acha siku moja tupu. Wengi huiona ni anasa na huifuta kwenye ratiba dakika ya mwisho. Mimi ningefuta kivutio kimoja kwanza.

Hatua ya 2: Pikipiki, wiki mbili kabla

Nasema wiki mbili kwa sababu kifaa kipya kinapaswa kujaribiwa karibu na nyumbani. Kebo ya klachi iliyofungwa jioni ya kuamkia safari itajilegeza njiani, na tairi jipya lina utelezi hadi uso wake usuguliwe na barabara kwa kilomita 100 na zaidi.

Anza na tairi. Kwenye ubavu wake kuna namba nne zinazoonyesha lilipotengenezwa: 2321 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi lililokaa miaka mingi hukakamaa hata kama kashata zake, yaani meno ya tairi, bado ni ndefu, na ukakamavu huo hujulikana barabara ikilowa. Kashata zikikaribia milimita 2, badilisha kabla ya kuondoka. Usiseme zitatosha kwenda na kurudi. Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi, na fuata kiwango cha kitabu cha pikipiki yako kwa safari yenye mzigo, ambacho kwa kawaida huwa juu kidogo kwa tairi la nyuma. Rudia kupima ukifika nyanda za baridi, kwani joto likishuka nyuzi 10, upepo hupungua kama psi (kipimo cha upepo wa tairi) 1 hadi 2.

Cheni ndiyo inayoteseka kuliko kitu kingine kwenye mvua, kwa sababu maji huosha oili na mchanga hukaa mahali pake. Pikipiki nyingi za lami huhitaji cheni icheze milimita 25 hadi 35, lakini kitabu chako ndicho hakimu. Pima ukiwa umeshaweka mzigo, na zungusha gurudumu lote, maana cheni iliyochakaa hukaza sehemu moja na kulegea nyingine. Iliyokazwa kupita kiasi ni mbaya kuliko iliyolegea kidogo: hula bearingi na inaweza kukatika.

Kagua unene wa pedi za breki. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani, na yakizeeka huweza kuchemka kwenye mteremko mrefu, breki ikawa laini mkononi. Kama yamepita miaka miwili, yabadilishe. Badilisha oili ya injini, safisha kichujio cha hewa, kaza vichwa vya betri na vipake grisi. Kwa kebo ya klachi ipo mbinu nzuri: pitisha kebo mpya sambamba na ile ya zamani, uifunge kwa tepu. Ya zamani ikikatika unahamisha ncha mbili tu na kuendelea, huna haja ya kufungua tangi kando ya barabara mvua inanyesha.

Vifaa vya kubeba ni vile vinavyoingia kwenye pikipiki yako. Njia ya kuvichagua ni kufanya matengenezo ya kawaida nyumbani kwa kutumia mfuko huo peke yake: fungua gurudumu la nyuma, kaza cheni, badilisha plagi na fyuzi. Ulichokosa kiongeze, ambacho hukukigusa kiache. Ongeza waya mwembamba, tepu imara, kamba za plastiki za kufungia, fyuzi za akiba, balbu, kiungio cha cheni na tochi ya kichwani.

Kuhusu pancha, tambua kwanza tairi lako lina tyubu au halina. Lisilo na tyubu huzibwa kwa nje kwa kuingiza kizibo cha mpira, kazi ya dakika kumi. Lenye tyubu, ambalo ndilo la rimu nyingi za spoku, linadai kutoa gurudumu, kupindua ukingo wa tairi kwa vyuma bapa na kubandika kiraka au kuweka tyubu nyingine. Beba tyubu moja ya akiba. Ukibeba ya gurudumu la mbele tu, kwa dharura huweza kusukumizwa nyuma mpaka kwa fundi. Na ifanye kazi hii mara moja nyumbani, hata kama utamlipa fundi akusimamie.

Hatua ya 3: Mavazi

Hapa ndipo wengi hubana matumizi, na hapa ndipo safari huharibika. Ukiendesha kilomita 80 kwa saa katika hewa ya nyuzi 10, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba ni nyuzi 4. Ukishalowa, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu maji yanapokauka huondoka na joto la mwili. Baridi hii huanza kwenye vidole, na vidole ndivyo vinavyoshika breki na klachi.

Vaa tabaka nyembamba kadhaa badala ya moja nene. La ndani liwe la sufi nyepesi au kitambaa cha michezo kinachotoa jasho. Pamba haifai, kwani ikilowa hukaa na maji na kukupoza mchana kutwa. Juu yake sweta jepesi, kisha jaketi lenye kinga za mabega, viwiko na mgongo. Koti na suruali ya mvua viwe vikubwa vya kutosha kupita juu ya vyote hivyo ukiwa umevaa buti. Jaribu nyumbani: kaa kwenye pikipiki, shika usukani, angalia kama mikono imefunikwa hadi kwenye glavu na kama kiuno hakijafunuka nyuma. Maji huingilia shingoni, mikononi na kwenye zipu ya mbele, pale yanapotuama mapajani. Kitambaa cha kuzunguka shingo, kilichochomekwa ndani ya koti, huziba mlango wa kwanza. Wa pili huzibwa kwa kuingiza mdomo wa glavu chini ya mkono wa koti. Zipu haina dawa nyingine zaidi ya koti zuri.

Beba jozi mbili za glavu. Ikitokea mvua ya siku nzima, utaibusu ile ya pili. Soksi pia ziwe jozi ya akiba iliyofungwa kwenye mfuko usiopitisha maji, ambayo huigusi mpaka umefika pa kulala. Buti likianza kuvuja, mfuko wa plastiki juu ya soksi huokoa siku, hakuna atakayeuona.

Kioo cha helmeti hupata ukungu ndani kwa sababu pumzi ya moto hugusa kioo baridi. Zipo karatasi maalumu za kubandika kwa ndani, na ndizo bora. Usipokuwa nayo, paka tone dogo la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, lisugue hadi lipotee machoni. Kioo cheusi kiache nyumbani au beba na cheupe, kwani anga likifunga saa tisa mchana, kioo cheusi kinakuwa upofu. Na vaa kitu cha rangi kali juu kabisa. Koti jeusi la mvua kwenye mvua ya kijivu halionekani na dereva wa lori.

Hatua ya 4: Mzigo

Vitu vizito viwe chini na karibu na katikati ya pikipiki. Vyepesi juu na nyuma. Pande mbili zilingane uzito. Boksi la nyuma lisijazwe chuma, kwa sababu uzito ukiwa nyuma ya ekseli hupunguza mkandamizo wa tairi la mbele, na usukani huanza kuyumba kwenye mwendo. Kila kitu kiwe ndani ya mfuko usiopitisha maji hata kama muuzaji wa begi ameapa kwamba halivuji. Koti la mvua likae juu kabisa, mahali unapolifikia bila kufungua kamba hata moja. Hili la mwisho ni dogo lakini ndilo linaloamua kama utalivaa mapema au utasema ngoja kwanza.

Baada ya kilomita 20 za kwanza, simama ukaze kamba. Hulegea siku zote.

Hatua ya 5: Mtu wa nyumbani

Chagua mtu mmoja, umpe njia ya kila siku, mahali pa kulala na pa akiba, namba ya pikipiki, na picha yako ukiwa umevaa mavazi ya safari. Mkubaliane saa ya kuwasiliana jioni. Kisha, jambo ambalo watu husahau, mkubaliane atafanya nini usipopiga: asubiri muda gani, ampigie nani kwanza, na lini awajulishe polisi. Bila makubaliano hayo, ukikosa mtandao kwa saa moja atahangaika bure, au kinyume chake, utakuwa umelala kwenye mtaro na yeye anadhani simu imeisha chaji.

Pakua ramani zinazofanya kazi bila intaneti. Jua namba ya dharura ya kila nchi utakayopita. 112 hufanya kazi katika nchi zote za Umoja wa Ulaya na katika nchi nyingine nyingi. Andika kwenye karatasi kundi lako la damu, dawa unazotumia, mzio ulionao na namba ya mtu wa nyumbani, uiweke mfuko wa kifuani. Simu huvunjika au hufungwa kwa nywila. Kama njia yako ina siku nzima zisizo na mtandao, kifaa kidogo cha kutuma ujumbe kupitia setilaiti kinastahili gharama yake kuliko taa za ziada na mapambo mengine ya pikipiki.

Hatua ya 6: Soma anga

Utabiri wa asubuhi ni mwanzo tu. Angalia mvua inatarajiwa saa ngapi na wapi, na upepo unavuma kutoka upande gani, kisha ulinganishe na njia yako. Picha za rada za mvua, mahali zinapopatikana, ni bora kuliko alama ya wingu kwenye simu, kwa sababu unaona mvua inaelekea wapi.

Baadaye uangalie mwenyewe. Mawingu meupe ya pamba yenye tumbo bapa asubuhi hayana neno. Yakianza kurefuka kwenda juu kabla ya adhuhuri, jua kwamba mchana utakuwa na kazi. Wingu kubwa ambalo kilele chake kimetandazika pembeni tayari ni la radi. Ishara ya karibu zaidi ni upepo: hewa ilikuwa nzito na moto, ghafla unapigwa na upepo wa baridi kutoka upande wa wingu, vumbi linainuka. Huo ni upepo unaoshuka kutoka ndani ya mvua, na mara nyingi umebakiwa na dakika chache. Simama sasa, vaa koti, washa taa, fikiria pa kujikinga. Anayengoja tone la kwanza huvaa koti juu ya nguo zilizokwisha kulowa.

Hatua ya 7: Kuendesha hali inapogeuka

Mvua inapoanza, dakika kama kumi na tano za mwanzo ni za hatari kuliko saa inayofuata. Oili, vumbi na mabaki ya mpira vilivyolala juu ya lami huchanganyika na maji kidogo na kufanya utando wa utelezi, mpaka mvua nyingi iuoshe. Huu ni wakati mzuri wa kupumzika kwenye kibanda. Ukiendelea, ongeza nafasi kati yako na gari la mbele kutoka sekunde mbili hadi nne au zaidi. Kwa kilomita 80 kwa saa unapita mita 22 kila sekunde, na sekunde moja hupotea kabla kidole hakijashika breki. Habari njema ni kwamba mwendo ukipunguzwa nusu, umbali wa kusimama baada ya kushika breki unakuwa robo.

Kila kitu ufanye polepole: kushika breki, kuachia klachi, kuvuta akseleta, kulaza pikipiki kwenye kona. Punguza mwendo kabla ya kona pikipiki ikiwa wima, halafu pita konani kwa akseleta iliyotulia. Fuata mkondo wa tairi za gari lililotangulia, mahali maji yamesukumwa pembeni. Epuka michoro ya rangi barabarani, vifuniko vya chuma, majani yaliyolowa, na madoa yenye rangi za upinde wa mvua, ambayo ni mafuta yaliyomwagika. Reli ya treni na viungo vya chuma vya daraja vivuke kwa pembe mraba kadiri inavyowezekana, pikipiki ikiwa wima na bila kushika breki. Breki zikilowa hukamata kwa kuchelewa, hasa zile za ngoma; ziguse kwa wepesi mara kwa mara zikauke.

Upepo wa ubavuni unatisha zaidi ya unavyodhuru, mradi usikakamae. Bana tangi kwa magoti, legeza viwiko, inama kidogo. Upepo ukitoka kushoto, sukuma kidogo mkono wa kushoto wa usukani, pikipiki italala upande huo na kunyooka njiani. Hatari huwa mahali kinga inapoisha: mwisho wa ukuta wa miti, mdomo wa daraja, au pale lori linapokupita na kukuachia upepo wote kwa ghafla. Yatazamie maeneo hayo, uyafikie ukiwa umeshapunguza.

Ukungu: taa fupi, kwa sababu taa ndefu hurudishwa machoni pako. Kama huoni umbali unaoweza kusimama ndani yake, mwendo wako ni mkubwa. Usisimame ukingoni mwa lami kusubiri. Toka kabisa barabarani.

Tope ndilo linalochosha. Simama kwenye vikanyagio, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, macho mbali mbele, akseleta ya kudumu kwenye gia ya pili. Tairi la mbele litatangatanga. Liache litafute njia, usilipinge kwa mikono iliyokaza, na usiguse breki ya mbele. Kupunguza upepo kidogo kwenye tairi husaidia kushika, ila tu kama una pampu ya kurudisha, na si sana kwenye tairi za tyubu, ambazo hubanwa kwenye rimu na kutoboka. Udongo wa mfinyanzi ukilowa hunata hadi ukajaza chini ya madigadi na gurudumu likakataa kuzunguka. Hapo hakuna ufundi. Mara nyingi saa mbili za jua huifanya barabara ile ile ipitike, na kusubiri ni haraka kuliko kusukuma.

Maji yaliyotuama yapime kwa miguu yako kwanza, ukitumia fimbo, na uangalie mashimo na mawe. Yakizidi usawa wa ekseli, fikiria upya. Maji yanayotembea ni jambo jingine kabisa: sentimita 15 za maji yenye kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima, na 30 huweza kuibeba gari ndogo. Ukiwa peke yako, usivuke mto uliofurika. Mafuriko ya mvua ya alasiri mara nyingi huwa yameshuka kufikia asubuhi, nawe una siku moja tupu kwenye ratiba.

Radi

Tairi za mpira hazikukingi na radi. Gari lenye bodi ya chuma hukinga kwa sababu umeme hupita nje ya bodi; juu ya pikipiki huna bodi. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, tafuta jengo imara au gari lililofungwa, na usirudi barabarani hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Pasipo na jengo, shuka kutoka kwenye vilele na uwanda wa wazi, kaa mbali na pikipiki, uzio wa waya na mti uliosimama peke yake.

Hatua ya 8: Mwili wako

Simama kila saa moja na nusu, hata kama hujachoka, ushuke, utembee, unywe maji. Mvua na baridi huficha kiu. Ukijikuta umepita kijiji na hukumbuki ulivyokipita, au unakosea gia, au umeanza kuitazama barabara ya karibu na gurudumu tu, tayari umechelewa kupumzika. Usingizi wa dakika ishirini una faida kuliko kupiga mayowe ndani ya helmeti.

Kutetemeka ni onyo la kwanza la baridi. Vidole kushindwa kufunga zipu ni la pili. Mtu aliyekuwa anatetemeka akaacha bila kupata joto, akawa mzito wa kufikiri, yuko hatarini, na tatizo ni kwamba akili ile ile iliyopozwa ndiyo inayotakiwa kutambua hali hiyo. Kwa hiyo simama kwenye onyo la kwanza: nguo kavu, kinywaji cha moto, chakula. Usijipe kilomita kumi za mwisho.

Hatua ya 9: Pikipiki ikianguka au ikigoma

Kwanza toka barabarani na ujipime mwenyewe kabla ya kuipima pikipiki. Zima injini, funga mafuta kama kuna koki. Kuinyanyua: ikiwa imelalia upande wa kulia, teremsha stendi ya kushoto kabla ya kuanza ili isipitilize upande wa pili, weka gia ili isibingirike, na geuza usukani hadi mwisho kuelekea ardhini. Ipe mgongo, makalio yaegemee kiti, mkono mmoja ushike usukani na mwingine chuma imara cha nyuma, kisha rudi kinyumenyume kwa hatua fupi ukitumia miguu, mgongo ukiwa umenyooka. Ikikataa, toa mizigo kwanza. Angalia kama oili imevuja, kama mikono ya breki na klachi ni mizima, na subiri dakika chache kabla ya kuwasha.

Ikizimika baada ya mvua kubwa, mara nyingi shida ni unyevu kwenye kofia ya plagi au viungio vya waya. Vifute, vikauke, jaribu tena. Kabla ya kufungua chochote, hakikisha swichi nyekundu ya kuzimia haijaguswa, stendi ya pembeni imekunjwa na mafuta yapo. Mafundi wengi wa njiani hulipwa kwa mambo hayo matatu.

Hatua ya 10: Jioni, kila jioni

Kabla ya kuoga, paka cheni oili ikiwa bado ina joto, hasa baada ya mvua. Pitisha mkono kwenye tairi kutafuta misumari, tikisa boksi na vyuma vya kubebea mizigo, gusa nati zinazopenda kulegea, angalia taa zote. Ni dakika kumi, na zikiachwa hadi asubuhi hazifanyiki. Kiwango cha oili kitazame asubuhi injini ikiwa baridi au kama kitabu kinavyoelekeza, pikipiki ikiwa wima.

Buti zilizolowa zijaze magazeti makavu, uyabadilishe kabla ya kulala. Usiziweke karibu na moto, ngozi itapasuka. Glavu zitundike vidole juu, helmeti iache wazi mahali penye hewa. Chaji simu na pawa benki, tazama utabiri wa kesho, mpigie mtu wako.

Siku ya mwisho iwe fupi kuliko zote. Njia unaijua, mwili umechoka, na nyumbani panavuta, basi watu huunganisha siku mbili kuwa moja na kuingia gizani. Lala kilomita 100 kabla kama ni lazima. Ukifika, usiache tope likauke kwenye radieta na cheni hadi wiki ijayo. Osha kwa maji ya kasi ndogo bila kuelekeza kwenye bearingi na viungio vya umeme, washa injini ikaushe maji, paka cheni oili, na uandike kwenye karatasi kila kitu ulichobeba bila kukitumia.